SQLite: Kanzidata ndogo iliyomo kwenye simu yako, na namna ya kuitengeneza inapokwama

Ukiwa na simu ya kisasa mfukoni, una SQLite. Huenda hujawahi kusikia jina hilo, lakini ndiyo inayotunza ujumbe wako wa WhatsApp, majina ya watu uliowahifadhi kwenye simu ya Android na historia ya kurasa ulizozifungua kwa Firefox au Chrome. Ndiyo pia ambayo mafundi wengi wa programu huichagua wanapotengeneza mfumo wa mauzo wa duka, daftari la wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, au rejista ya wagonjwa katika zahanati yenye kompyuta moja.

Siku nyingi hufanya kazi kimya kimya. Siku inapokwama, muuzaji huona maneno ya Kiingereza kwenye skrini, foleni inarefuka, na fundi wa kwanza kuitwa mara nyingine hufanya jambo baya kuliko yote: anafuta mafaili asiyoyafahamu yaliyo kando ya kanzidata. Kwa kosa hilo moja, mauzo ya siku nzima au madeni ya wateja yanaweza kupotea.

Makala haya yanaeleza SQLite ni nini, kwa nini hukwama au kuwa nzito, na hatua za kufuata ili irudi katika hali yake bila kupoteza taarifa.

SQLite ni nini?

Kanzidata ni mahali pa kuhifadhi taarifa kwa mpangilio wa majedwali, na SQL ni lugha ya kuziuliza na kuzibadilisha taarifa hizo. Kanzidata nyingi zinazojulikana, kama MySQL na PostgreSQL, huendeshwa na seva: programu inayojitegemea, inayowashwa muda wote na kuhitaji mtu wa kuisimamia. Programu nyingine huiomba taarifa kupitia mtandao.

SQLite haina seva. Ni maktaba ndogo ya msimbo, kwa kawaida haifiki megabaiti moja, inayopachikwa ndani ya programu yenyewe. Majedwali yote hukaa ndani ya faili moja la kawaida. Ukitaka kuihamishia kompyuta nyingine, unahamisha faili hilo. Udogo huo usikudanganye: kwa mujibu wa mipaka yake ya kiufundi, faili moja linaweza kukua hadi takriban terabaiti 281.

Ilianzishwa mwaka 2000 na Richard Hipp, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipokuwa akifanya kazi ya programu za manowari za Jeshi la Majini la nchi hiyo chini ya kampuni ya General Dynamics. Kanzidata iliyotumika wakati huo ilitegemea seva. Seva isipokuwepo, programu yake nayo haikuweza kufanya kazi. Hipp alitaka kanzidata isiyohitaji msimamizi. Toleo la kwanza lilitoka Agosti 2000, na toleo la tatu, ambalo ndilo msingi wa matoleo ya leo, lilitoka mwaka 2004.

Watengenezaji wake waliachia haki zote kwa umma, hivyo yeyote anaweza kuitumia bila malipo wala leseni. Wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi takwimu kwa muda mrefu.

Kabla ya kugusa chochote

Kanuni ya kwanza ya fundi ni kutoharibu zaidi. Kabla ya kujaribu tiba yoyote, fanya mambo matatu.

Kwanza, andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, neno kwa neno. Kosa la kufungwa kwa kanzidata na kosa la kuharibika kwa faili yanaweza kuonekana sawa kwa muuzaji aliye kwenye haraka, lakini tiba zake hazifanani kabisa.

Pili, funga programu zote zinazotumia kanzidata hiyo, kisha nakili faili kuu pamoja na mafaili yote yenye jina lake yanayoishia na -journal, -wal au -shm. Kama kanzidata inaitwa duka.db, basi duka.db-journal au duka.db-wal ni sehemu yake. Nakala hiyo iweke mbali, na majaribio yafanyie kwenye nakala nyingine.

Tatu, tambua toleo la SQLite unalotumia kwa amri hii:

SELECT sqlite_version();

Baadhi ya amri tutakazozitaja hapa hazipo kwenye matoleo ya zamani.

Kwa nini mafaili ya kando hayafutwi?

Ili kuelewa hatari hiyo, ni lazima kuelewa muamala. Muamala ni kundi la mabadiliko linalokubaliwa lote au kukataliwa lote. Ukimtumia mtu pesa kwa simu, salio lako kupungua na salio lake kuongezeka ni mambo mawili ndani ya muamala mmoja. Haikubaliki moja litokee bila jingine.

SQLite hulinda jambo hilo kwa faili la kando. Katika mtindo wake wa kawaida, kabla ya kubadilisha ukurasa wowote wa faili kuu, hunakili ukurasa wa zamani kwenye faili la -journal. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili kuu linaweza kubaki nusu jipya, nusu la zamani. Programu inapofunguliwa tena, SQLite hulikuta faili la -journal, hurudisha kurasa za zamani, na kanzidata huwa kama muamala ule haukuanza kamwe.

Katika mtindo wa pili, uitwao WAL, ulioongezwa mwaka 2010, mambo hugeuzwa. Mabadiliko mapya huandikwa kwanza kwenye faili la -wal, kisha baadaye huhamishiwa faili kuu. Kwa hiyo mauzo ya dakika chache zilizopita yanaweza kuwa ndani ya -wal peke yake.

Sasa ni rahisi kuona madhara. Anayefuta -journal baada ya umeme kukatika anatupa dawa ambayo ingeponya faili. Anayefuta -wal, au anayenakili duka.db pekee na kuliacha -wal, anaweza kupoteza mauzo yaliyokwisha kuthibitishwa. Njia sahihi ni kuifungua kanzidata kwa programu yake na kuiacha SQLite ijisafishe.

"database is locked": Kanzidata imefungwa

Huu ndio ujumbe unaolalamikiwa zaidi. Hauna maana kwamba faili limeharibika. Maana yake ni kwamba mwingine anaandika, nawe ni lazima usubiri.

SQLite huruhusu wasomaji wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi mmoja tu. Katika mtindo wa kawaida, msomaji pia anaweza kumzuia mwandishi asimalize, na mwandishi anapomalizia kazi yake huwazuia wasomaji. Tatizo huongezeka kwa sababu SQLite yenyewe, isipoelekezwa vinginevyo, haisubiri hata kidogo: ikikuta mlango umefungwa, inarudisha kosa papo hapo.

Tiba ya kwanza ni kuiambia isubiri. Amri ifuatayo inaipa sekunde tano:

PRAGMA busy_timeout = 5000;

Mara nyingi hiyo peke yake humaliza malalamiko, maana kazi ya kuandika huchukua muda mfupi sana. Amri hii hukumbukwa na muunganisho ulioitoa tu, kwa hiyo programu inapaswa kuitoa kila inapofungua kanzidata.

Tiba ya pili ni kuhamia mtindo wa WAL:

PRAGMA journal_mode = WAL;

Katika mtindo huu wasomaji hawamzuii mwandishi, na mwandishi hawazuii wasomaji. Mwenye duka anaweza kutazama ripoti ndefu ya mwezi huku muuzaji akiendelea kuhifadhi mauzo. Mwandishi hubaki mmoja tu. Tofauti na amri iliyotangulia, hii hutolewa mara moja na faili hukumbuka.

Tiba ya tatu inahusu namna programu ilivyoandikwa. Kuna programu zinazoanza muamala kwa kusoma, kisha ndani ya muamala huohuo zinataka kuandika. Iwapo katikati ya hatua hizo mwingine ameshaandika, SQLite katika mtindo wa WAL hukataa mara moja, hata kama umeweka muda wa kusubiri, kwa sababu ulichosoma kimeshapitwa na wakati. Muamala unaojulikana tangu mwanzo kwamba utaandika uanze hivi:

BEGIN IMMEDIATE;

Kwa njia hiyo foleni hupangwa mlangoni, na muda wa kusubiri unaheshimiwa.

Kama kosa haliondoki, tafuta anayeshikilia mlango. Mara nyingi ni muamala ulioanzishwa na haukumalizwa kwa COMMIT wala ROLLBACK, au programu ya kutazamia kanzidata iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ikiwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Pia angalia kama programu inangoja jibu la mtandao au la mteja huku muamala ukiwa wazi. Muamala unatakiwa kufunguliwa, kuandika na kufungwa. Maswali kwa mteja yaulizwe kabla.

Faili kwenye folda ya mtandao

Duka likikua, mwenyewe hununua kompyuta ya pili, na fundi huweka duka.db kwenye folda inayoshirikishwa na kompyuta zote mbili. Wiki ya kwanza mambo huenda vizuri. Baadaye makosa ya kufungwa huanza, na hatimaye faili huharibika.

Sababu ni kwamba SQLite hutegemea mfumo wa mafaili kusema ukweli kuhusu nani ameshika kufuli, na mifumo mingi ya folda za mtandao haifanyi hivyo kwa uhakika. Kompyuta mbili zinaweza kudhani kila moja ndiyo mwandishi pekee. Mtindo wa WAL haufai hapo kabisa, kwa sababu watumiaji wote ni lazima wawe kwenye kompyuta moja ili washirikiane kumbukumbu.

Suluhisho si kurekebisha amri. Ama programu moja ikae kwenye kompyuta yenye faili na kompyuta nyingine ziiombe taarifa, ama uhamie kanzidata yenye seva.

Kuandika kunakwenda polepole

Fundi anaingiza orodha ya dawa 10,000 kutoka kwenye faili la Excel, na kompyuta inachukua dakika kadhaa. Anahitimisha kwamba SQLite ni dhaifu.

Tatizo liko kwenye muamala. Usipotangaza muamala, kila amri ya INSERT huwa muamala wake peke yake, na kila muamala hauishi mpaka diski ithibitishe kwamba imeandika kweli. Kwenye diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, muamala mmoja huhitaji takriban mizunguko miwili. Hiyo ni miamala kama 60 kwa sekunde. Rekodi 10,000 zitachukua karibu dakika tatu.

Sasa weka rekodi zote ndani ya muamala mmoja:

BEGIN;
INSERT INTO dawa (jina, bei) VALUES ('Amoxicillin', 3000);
(na nyingine zote)
COMMIT;

Diski inathibitisha mara moja tu mwishoni. Kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kuingiza rekodi 50,000 au zaidi kwa sekunde kwa njia hii, na kazi ya dakika tatu inakuwa ya kufumba na kufumbua. Kwenye diski zisizozunguka, za SSD, muamala mmojammoja ni wepesi zaidi, lakini tofauti bado ni kubwa.

Marekebisho ya pili ni kiwango cha uangalifu:

PRAGMA synchronous = NORMAL;

Ukiwa kwenye WAL, kiwango hiki hupunguza mara ambazo SQLite huisubiri diski. Umeme ukikatika, faili haliharibiki, ila miamala michache ya mwisho inaweza kurudi nyuma. Kwa programu ya kusomea habari, hiyo si hasara. Kwa rejista ya fedha, muuzaji ameshampa mteja risiti. Hapo baki na FULL, ambacho ndicho kiwango cha kawaida.

Kuna ushauri unaosambaa wa kuweka synchronous = OFF ili kasi iongezeke. Ni kweli kasi huongezeka, lakini umeme ukikatika faili zima linaweza kuharibika. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, huo si ushauri wa kufuata.

Kutafuta kunakwenda polepole

Programu iliyokuwa nyepesi mwaka wa kwanza inakuwa nzito mwaka wa tatu. Ripoti ya siku inachukua nusu dakika. Watu hudhani kompyuta imezeeka. Mara nyingi kinachokosekana ni faharasa.

Faharasa ya kanzidata ni kama ile ya nyuma ya kitabu. Bila hiyo, kutafuta neno ni kupekua kitabu kizima. SQLite yenyewe inaweza kukuambia inafanya nini, ukitanguliza maneno EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako:

EXPLAIN QUERY PLAN SELECT * FROM mauzo WHERE tarehe = '2024-03-01';

Jibu likiwa SCAN mauzo, inasoma jedwali zima, mstari kwa mstari. Tengeneza faharasa:

CREATE INDEX faharasa_tarehe ON mauzo(tarehe);

Rudia swali. Jibu sasa litataja SEARCH mauzo USING INDEX faharasa_tarehe, maana yake inakwenda moja kwa moja kwenye tarehe inayotakiwa.

Faharasa inaweza kuwepo na isitumike. Kuna sababu tatu za kawaida.

Ya kwanza ni kuifunika safu kwa hesabu. Ukiandika WHERE strftime('%Y', tarehe) = '2024', SQLite italazimika kukokotoa mwaka wa kila mstari. Andika badala yake: WHERE tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'.

Ya pili ni mpangilio wa safu. Faharasa ya mauzo(mteja, tarehe) ni kama orodha ya majina iliyopangwa kwa jina la ukoo kisha jina la kwanza. Inafaa kwa kutafuta mteja, au mteja na tarehe. Kwa kutafuta tarehe peke yake, kwa kawaida haisaidii.

Ya tatu ni kutafuta kipande cha neno kwa LIKE '%cillin%'. Alama ya asilimia ikiwa mwanzoni, faharasa ya kawaida haiwezi kutumika. Kama utafutaji wa maneno ndani ya maandishi marefu ni kazi ya kila siku, SQLite ina kiungo chake maalumu kiitwacho FTS5.

Usitengeneze faharasa kwa kila safu. Kila faharasa huongeza ukubwa wa faili, na kila INSERT ni lazima izihuishe zote. Anza na maswali yanayoulizwa mara nyingi na yale yanayolalamikiwa.

Baada ya taarifa kuongezeka sana, SQLite inaweza kuchagua faharasa isiyofaa kwa sababu haijui taarifa zimesambaaje. Amri ya ANALYZE hukusanya takwimu hizo, na PRAGMA optimize, ikitolewa kabla ya kufunga programu, hufanya hivyo pale tu inapoona inahitajika.

Mwisho kuna kumbukumbu ya muda. Kwa kawaida SQLite hujiwekea takriban megabaiti mbili za kuhifadhi kurasa inazozitumia. Amri PRAGMA cache_size = -20000 huipa takriban megabaiti 20; alama ya kutoa inaonyesha kwamba kipimo ni kilobaiti na si idadi ya kurasa. Hili lifanywe mwisho. Kumbukumbu nyingi haiwezi kufidia faharasa isiyokuwepo.

Nimefuta, mbona faili halipungui?

Ukifuta rekodi za miaka mitano, ukubwa wa faili hubaki vilevile. SQLite huzitia alama kurasa hizo kuwa zimeachwa wazi na kuzitumia baadaye. Idadi yake huonekana kwa PRAGMA freelist_count.

Amri ya VACUUM hulijenga faili upya bila nafasi hizo. Angalia diski kwanza: kazi hiyo inaweza kuhitaji nafasi ya bure inayofikia mara mbili ya ukubwa wa faili, na wakati inaendelea hakuna mwingine anayeweza kuandika.

Kuna upande wa faragha pia. Taarifa zilizofutwa zinaweza kubaki ndani ya kurasa zile wazi na kusomwa na mwenye utaalamu. Zahanati inayomkabidhi fundi faili lake ikidhani imeondoa majina ya wagonjwa inaweza kuwa imempa majina hayo. Katika hali hiyo tumia VACUUM baada ya kufuta, au weka PRAGMA secure_delete = ON kabla ya kufuta.

Likikua faili la -wal badala ya faili kuu, tafuta msomaji asiyemaliza. Kwa kawaida SQLite huhamisha mabadiliko kwenda faili kuu -wal linapofikia kurasa 1,000, lakini haiwezi kumaliza kazi hiyo wala kuanza upya -wal iwapo kuna programu ambayo bado inasoma hali ya zamani.

Faili likiharibika

Ujumbe "database disk image is malformed" ni mzito. Maana yake ni kwamba SQLite imekuta kurasa zisizoeleweka. Ujumbe "file is not a database" unaweza kumaanisha hivyo, au kwamba faili limefichwa kwa nywila, au si la SQLite kabisa. Faili halali lisilofichwa huanza na maneno SQLite format 3.

Ukishanakili mafaili yote kama tulivyoeleza, fanyia nakala uchunguzi:

PRAGMA integrity_check;

Jibu likiwa ok, faili ni zima na tatizo liko kwingine. Likitaja mistari inayokosekana kwenye faharasa pekee, una bahati: taarifa zenyewe zipo, na amri ya REINDEX huzijenga faharasa upya. Likitaja kurasa zilizoharibika, jaribu kuokoa kinachookoleka kwenda faili jipya. Kwa programu ya sqlite3 toleo la 3.29 la mwaka 2019 au la baadaye, amri ni hii:

sqlite3 mbovu.db ".recover" | sqlite3 mpya.db

Kisha lichunguze faili jipya kwa integrity_check, hesabu mistari ya kila jedwali, na ulinganishe na risiti au madaftari ya siku za mwisho. Kuokoa si kurudisha kila kitu. Baadhi ya rekodi zinaweza kukosekana, na nyingine zilizofutwa zamani zinaweza kujitokeza tena.

Baada ya hapo, tafuta chanzo, la sivyo litarudi. Mara nyingi ni faili lililonakiliwa wakati programu inaandika, faili la -journal lililofutwa, folda ya mtandao, au kifaa kibovu. Flashi na kadi za bei ya chini zilizoandikwa ukubwa usio wa kweli ni tatizo linalojulikana: huandika juu ya taarifa za zamani bila kutoa kosa. Zipo pia diski zinazojibu kwamba zimeshaandika wakati bado. Hakuna amri ya SQLite inayoweza kuzuia kifaa kinachodanganya.

Makosa yasiyo ya SQLite

Baadhi ya makosa hutoka nje. "database or disk is full" mara nyingi ni diski iliyojaa. "attempt to write a readonly database" na "unable to open database file" mara nyingi ni ruhusa au njia ya faili iliyokosewa. Kumbuka kwamba ruhusa ya faili pekee haitoshi. SQLite hutengeneza mafaili ya kando, kwa hiyo programu inahitaji ruhusa ya kuandika ndani ya folda yenyewe.

Upo pia upole wa SQLite unaoweza kukugharimu. Safu iliyotangazwa kuwa ya namba hukubali maandishi. Karani akiandika "elfu tano" badala ya 5000, itahifadhiwa, na katika jumla itahesabiwa kuwa sifuri. Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021, jedwali linaloundwa kwa neno STRICT mwishoni hukataa jambo hilo. Vilevile, uhusiano kati ya majedwali haulindwi mpaka utoe amri ya PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua kanzidata. Bila hiyo, mteja anaweza kufutwa na deni lake likabaki bila mwenyewe.

Nakala rudufu

Tiba zote hapo juu hazifikii nakala nzuri ya jana. Kunakili faili kwa mkono wakati programu inafanya kazi si salama. Tumia mojawapo ya njia hizi:

sqlite3 duka.db ".backup 'nakala.db'"

VACUUM INTO 'nakala.db';

Zote mbili hutoa nakala iliyokamilika hata kama watu wanaendelea kutumia kanzidata. Ya pili inahitaji toleo la 3.27 au la baadaye, nayo hutoa faili lililobanwa vizuri. Ifungue nakala, ifanyie integrity_check, kisha ihifadhi nje ya kompyuta hiyo. Nakala iliyo kwenye diski ileile huibwa au kuungua pamoja nayo.

Ni wakati gani wa kuhama?

Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanasema tovuti nyingi zenye wageni wa wastani zinaweza kuendeshwa nayo bila shida. Kasi peke yake si sababu ya kuhama kabla ya kurekebisha miamala na faharasa. Sababu za kweli ni mbili: kompyuta nyingi zinazopaswa kuandika kwenye faili moja kupitia mtandao, au waandishi wengi wa wakati mmoja kiasi kwamba foleni ya mwandishi mmoja haiishi. Hapo PostgreSQL au MySQL ndiyo njia.

Kwa ufupi

- Usifute -journal wala -wal. Nakili mafaili yote kwanza.
- Kanzidata ikifungwa, weka busy_timeout, hamia WAL, na anza kuandika kwa BEGIN IMMEDIATE.
- Kuandika kukiwa kuzito, kusanya amri ndani ya muamala mmoja.
- Kutafuta kukiwa kuzito, uliza EXPLAIN QUERY PLAN kabla ya kununua kompyuta mpya.
- Usiweke faili kwenye folda ya mtandao.
- Tengeneza nakala rudufu kila siku, na uifungue uone kama inasomeka.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Duka au zahanati ambayo haijawahi kuifungua nakala yake rudufu haiwezi kujua kama inayo, na siku ya kulijua hilo isiwe siku faili kuu limeharibika.